Hoja: ASL haijifunziki kwa kukesha na kitabu. Tafuta mpinzani kwanza

#1 Kamanda_Mabibo
Habari zenu wakuu.

Nina hoja, mwenye ya kupinga alete. Wengi wanaoiacha Advanced Squad Leader (ASL) njiani hawashindwi na ugumu wa mchezo, wanaponzwa na kitabu cha kanuni. Mtu anakifungua anakuta sura A askari wa miguu, B ardhi, C mizinga, D magari, E usiku, theluji na ndege, F jangwa, G Pasifiki. Anakesha nacho, akifika D hakumbuki hata mstari wa A. Anakifunga na kurudi kwenye mpira wa pleistesheni.

Mimi nasema tafuta mpinzani kwanza, kanuni zitaingia mkiwa mezani. Na siku hizi meza ipo mtandaoni: VASL, bure kabisa.

Kwa wasioijua: ni mchezo wa vita wa mezani, Vita Kuu ya Pili, kule chini kabisa ambako watu wanarushiana risasi kati ya nyumba na nyumba. Ramani imegawanywa pembesita, kila moja ni kama mita 40. Zamu moja ni kama dakika 2 za mapambano. Kikosi cha watu kumi hivi ni kipande kimoja cha karatasi ngumu chenye namba tatu. Mjerumani wa kawaida ni 4-6-7: nguvu ya risasi 4, umbali pembesita 6, moyo 7. Akipigwa anapimwa moyo kwa dadu mbili, zikizidi 7 amevunjika, anakimbilia msituni au nyumbani kujificha. Mengine yote ni nyongeza juu ya hapo.

#2 Mtoto_wa_Geti
"Mengine yote ni nyongeza." Nyongeza ya kurasa mia mbili na ushee 😂😂
Nimetandika mkeka hapa.

#3 BondeLaUfa
Kamanda hapana. Mpinzani kwanza ni kumwonea mpinzani. Mimi hucheza na vijana wanaoanza, naletewa mtu hajui hata awamu zinafuatana vipi. Saa nzima inaisha namweleza, na pambano bado liko zamu ya kwanza.

Awamu ni nane tu, mtu azikariri kabla hajasumbua watu: kutuliza waliovunjika, kufyatua kwa maandalizi, kutembea, mwenye kulinda kufyatua, wanaosonga kufyatua, waliovunjika kukimbia, kusogea, kupigana mkono kwa mkono. Halafu mwenzako naye anaanza yake nane. Hizo hazihitaji mwalimu, zinahitaji karatasi na kalamu.

#4 Bi_Forodhani
Assalaam aleikum.
Nyote wawili mnabishana juu ya kitabu kisichomhusu anayeanza. Kuna Starter Kit jamani, maboksi ya wanaoanza. Ya kwanza ilitoka 2004, askari wa miguu peke yao: hakuna vifaru, hakuna mizinga, hakuna vikosi vilivyofichwa. Kanuni zake ni kijitabu cha kurasa chache, unamaliza baina ya alasiri na magharibi. Ndani mna mapambano sita, la kwanza ni Wamarekani wa miavuli na Wajerumani wakigombea Vierville, Normandia, Juni 1944. Ya pili inaongeza mizinga, ya tatu ndiyo vifaru.

Mtu anaanza na kile kitabu cha pete kwa sababu gani, kwani analipwa?

#5 Jembe_Halimtupi
Anaanza nacho kwa sababu ya sifa, Bi Forodhani. Mtu akinunua Starter Kit anaona kama amenunua baiskeli ya magurudumu matatu.

Ila mchezo wenyewe zamani haukuwa hivi. Ulipotoka 1977 ulikuwa mwepesi, watoto wa sekondari Marekani walikuwa wanaucheza.

#6 Msomi_wa_Kijiweni
@Jembe_Halimtupi umechanganya. Wa 1977 ni Squad Leader, kazi ya John Hill, kampuni ya Avalon Hill. ASL ilikuja 1985 chini ya Don Greenwood.

Na hapo katikati ndipo penye jibu la Kamanda, siyo kwenye mpinzani. Squad Leader ilifundisha kwa hatua: soma kurasa kadhaa, cheza pambano la kwanza, soma nyingine, cheza la pili. Ulikuwa unajifunza bila kujijua. Zikaja nyongeza tatu, Cross of Iron, Crescendo of Doom na G.I.: Anvil of Victory, na kila moja ikatengua kanuni za iliyotangulia. Ikafika mahali mtu ana vijitabu vinne vinavyopingana. ASL ikaja kusafisha: kanuni zote mahali pamoja, kila aya na namba yake, kama sheria za nchi. Mzozo ukitokea mnafungua A7 au A10 mnaamua. Safi kwa anayejua tayari. Kwa mgeni ile ngazi ya kupandia iliondolewa, na ilichukua karibu miaka 20 kuirudisha kwa hiyo Starter Kit.

Kwa hiyo watu wanaacha kwa sababu kitabu kiliandikwa cha kuamulia ugomvi, hakikuandikwa cha kufundishia.

#7 Jembe_Halimtupi
Sawa mwalimu, 1985. Nimeandika kwenye daftari 🙏

#8 Nusu_Bando
Wakuu samahani, swali la mgeni. Hiyo VASL si programu ya kompyuta? Kwa nini mtu asome kanuni wakati kompyuta itamzuia akikosea?

#9 BondeLaUfa
@Nusu_Bando haikuzuii chochote. VASL ni meza, vipande na dadu, imewekwa ndani ya VASSAL ambayo ni injini ya michezo mingi ya mezani. Ukitaka kurusha kifaru juu ya paa la kanisa inakuacha. Inachokupa ni ramani, kupima kama unamwona adui, na dadu ambazo wote wawili mnaziona. Kanuni ziko vichwani mwenu.

#10 Nusu_Bando
Daah. Basi mimi narudi kwenye drafti.

#11 Mzee_Kete
Nimewasoma kimya tangu juu. Kamanda yuko sahihi na wala hajui kwa nini.

Nani hapa alisoma kitabu ili ajue bao la kiswahili? Kete 64, unaanza na 22 mkononi, namua ina sheria zake, mtaji una zake, nyumba ina zake, na takata usipoijua unaonekana mshamba. Ukiandika yote hayo kwenye karatasi unapata kitabu cha kutisha. Lakini mtoto anakaa barazani pembeni ya wazee, anaangalia, anatukanwa kidogo, mwaka unaofuata anawafunga. Ugumu hauko kwenye kanuni, uko kwenye kukosa baraza.

#12 Msomi_wa_Kijiweni
Mzee Kete shikamoo. Ila hapo sikubaliani. Bao ukiangalia unaona kila kitu, kete zinahesabika kwa macho. ASL huwezi kuiona kwa kuangalia. Unaona mtu karusha 7, mwenzake kaondoa kipande, basi. Hesabu iliyofanya 7 iue iko vichwani mwa wale wawili. Mtoto wa barazani angeketi miaka na asingeambulia kitu.

#13 Mzee_Kete
Marahaba. Angeuliza. Mdomo anao.

#14 Bi_Forodhani
Niwaoneshe hiyo hesabu maana wengine mtadhani ni uchawi.

Mjerumani 4-6-7 yuko dirishani. Mrusi anavuka barabara, pembesita 5 kutoka kwake. Risasi ya Mjerumani inasomwa kwenye safu ya 4 ya jedwali la risasi. Mrusi yuko mahali peupe, toa 1. Anakimbia badala ya kunyata, toa 1 nyingine. Mjerumani anarusha dadu mbili, zinatoa 7, ambayo ndiyo inayotoka mara nyingi kuliko zote. 7 toa 2 ni 5, na kadiri ilivyo ndogo ndivyo inavyouma. Ukiangalia jedwali, Mrusi anapimwa moyo, na mara nyingi huvunjika hapohapo katikati ya barabara.

Sasa Mrusi huyohuyo angekuwa ndani ya nyumba ya mawe. Mawe yanaongeza 3. 7 na 3 ni 10, hakuna kitu, chokaa tu imebanduka ukutani. Dadu zilezile.

Na akitaka kuvuka kwa akili, anavukia penye moshi, unamwongezea 2 na ile toa 1 ya mahali peupe inafutika. Au ananyata pembesita moja moja. Au anamtanguliza nusu kikosi achome risasi za yule wa dirishani, wengine wafuate. Hapo sijagusa sura C wala D, na tayari una mchezo mzima wa kufikiria jioni nzima.

#15 Mtoto_wa_Geti
Bi Forodhani umenifanya nihurumie kipande cha karatasi 😭

#16 Kamanda_Mabibo
@Bi_Forodhani haya uliyoandika ndiyo hoja yangu! Umetufundisha kwa kutuonesha barabara moja. Kitabu kisingefanya hivyo.

#17 Bi_Forodhani
Niliyajua kwa kusoma, Kamanda 😄

#18 Chuma_cha_Pua
Mnazunguka. Watu wanaacha kwa sababu ya dadu. Unapanga saa mbili nzima, unamzunguka mtu vizuri, anarusha moja-moja, kiongozi wako amekufa. Na hizo dadu za VASL mimi siziamini. Sita-sita zinaniandama mimi tu.

#19 BondeLaUfa
Ilikuwa inachelewa tu kufika hii 😂 Hakuna uzi wa ASL duniani usio na mtu wa dadu zimerogwa.

Sita-sita hutoka mara moja katika 36. Pambano la kawaida mnarusha mara nyingi sana. Ukirusha 180, tegemea 12 kama tano hivi. Tano hizo ndizo utakazosimulia hadi kaburini, zile 175 hutazikumbuka. Logi unayo, kila mrusho umeandikwa. Hesabu.

#20 Chuma_cha_Pua
Nitahesabu. Na nikikuta niko sahihi nitarudi hapa na meza ya mahakama.

#21 Mswahili_Maskati
Habari za huko nyumbani. Mmeongea kanuni hadi mmesahau nusu ya pili ya mada: huyo mpinzani anapatikana wapi na saa ngapi?

Wachezaji wengi wako Marekani na Ulaya. Wana mashindano ya kukutana ana kwa ana, lile kubwa la Oktoba huko Ohio lina umri kuliko wengi wenu. Mtandaoni wako kwenye seva za Discord za mchezo na kwenye chumba cha VASL chenyewe. Ukiingia chumbani ukakaa kimya utakaa hadi alfajiri. Andika: naanza, nina Starter Kit ya kwanza, nataka pambano dogo, saa zangu ni hizi. Wazee wa mchezo huu wanapenda kufundisha, wakati mwingine kupita kiasi.

Shida ni saa. Saa 2 usiku ya Dar na Nairobi ni saa 7 mchana New York wakati wa kiangazi chao, baridi ikija ni saa 6. Mtu yuko kazini, anakuambia tukutane jioni yake, na jioni yake ni wewe kuamka usiku wa manane. Waingereza ndio wanaotufaa: saa 2 usiku ya Dar kwao ni saa 12 au saa 11 jioni. Na ukipanga na mzungu usiandike "saa 2", andika kwa saa ya UTC (saa ya kimataifa), kwetu ni kuongeza 3. Nimeona watu wakisubiriana nusu siku.

#22 Fundi_Mtwara
@Mswahili_Maskati nyongeza ya kiufundi. VASSAL inatumia Java, inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux. Kwenye simu haipo, msihangaike. Nikiulizwa mimi, hicho ndicho chanzo: vijana wetu wengi kompyuta yao ni simu. Hata ukiwapa mwalimu na kijitabu bure, watachezea wapi?

Bando haliliwi sana. Ikishapakua ramani unazozihitaji, kinachopita ni hatua zenu na maandishi tu. Kinachomaliza bando ni kupigiana soga kwa sauti huku mnacheza. Umeme ukikatika usiogope, mradi mlikuwa mnahifadhi kila mwisho wa awamu.

#23 Nusu_Bando
Bando haliliwi? Basi nimerudi kutoka kwenye drafti.

#24 Jembe_Halimtupi
Na wale wanaotaka boksi lenyewe mkononi wajipange. Niliagiza moja kutoka nje, ofisi ya mzigo ikanitoza kana kwamba nimeingiza silaha. Afisa kafungua, kaona vifaru na alama za majeshi, kaniuliza hivi ni vya nini. Nikamwambia ni mchezo. Akauliza watoto wangu wana umri gani 😂

#25 Mjukuu_wa_Keya
Jamani naleta nyingine. Babu yangu alikuwa Keya (askari wa KAR, jeshi la Mwingereza huku Afrika Mashariki), alikwenda Bama (Burma). Alikuwa akisimulia vita vya Kohima, India. Kuna pambano la ASL lenye askari wetu?

#26 Msomi_wa_Kijiweni
@Mjukuu_wa_Keya heshima kwa mzee. Kohima kwenyewe huenda alipasikia au alipita baadaye, maana Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia mstari wa mbele baada ya mji wa Imphal uliozingirwa kufunguliwa, Juni 1944. Kazi yao ilikuwa kuwafukuza Wajapani kushuka bonde la Kabaw katikati ya masika, matope hadi magotini, malaria nje nje. Novemba 1944 wakakutana na Wahindi wa Divisheni ya 5 karibu na Kalemyo, kisha Kalewa, na Desemba likajengwa daraja la Bailey kuvuka mto Chindwin, mita 350 hivi, refu kuliko yote ya aina hiyo wakati huo. Alama yao begani ilikuwa kichwa cha kifaru, yule mnyama.

#27 Bi_Forodhani
Na kwenye ASL Mjapani ni balaa peke yake. Wengine wakipigwa wanavunjika na kukimbia, yeye kikosi kinapungua nguvu na kinaendelea kuja. Alikuja na boksi la Code of Bushido, 1991. Chukua Mjapani huyo, muweke kwenye njia ya msituni, mpe Mwingereza 4-5-7 na mvua. Bonde la Kabaw hilo, mtu alitengeneze. Sura H ina bei za pointi za vikosi kwa wanaotaka kubuni yao.

#28 Mjukuu_wa_Keya
Asanteni sana. Hilo nalitaka. Nitauliza nyumbani kama kuna aliyebaki na karatasi zake za jeshi.

#29 Ndugu_Bukavu
Jambo yenu. Miye nacheza kwa barua pepe tu, sababu courant huku inakatika kila mara na kukaa saa tatu mfululizo haiwezekani. Unafanya awamu yako, unahifadhi logi, unatuma. Mwenzako anaifungua, anaona hatua moja moja kama vile uko mbele yake, anajibu. Pambano moja linaweza kuchukua miezi. Lakini kwa kujifunza ni bora zaidi: uko na siku mbili za kutafuta kanuni mbele ya kurusha dadu. Kucheza moja kwa moja unaona haya kumchelewesha mtu, unakubali kila anachosema.

#30 BondeLaUfa
Ndugu Bukavu hapo kuna tatizo moja. Mwenye kulinda anafyatua katikati ya mwendo wa adui, hatua kwa hatua. Kwa barua pepe inabidi mwendeshaji asimame kila anapoonekana, atume, asubiri. La sivyo mnaaminiana kwamba angefyatua pale au asingefyatua.

#31 Ndugu_Bukavu
Tunapatana mbele: ukiingia mahali peupe nakufyatulia, kwingine endelea. Kama hamuaminiani, hata ana kwa ana mutagombana.

#32 Chuma_cha_Pua
Nimehesabu logi tatu. Sita-sita zangu ziko juu kidogo ya moja katika 36. KIDOGO. Lakini za mpinzani ziko chini. Sijasema kitu.

#33 BondeLaUfa
Logi tatu 😂😂😂

#34 Kamanda_Mabibo
Tumefika mbali. Nusu_Bando, bado upo? Wewe ndiye jaribio letu. Bi Forodhani anasema asome kijitabu, mimi nasema aingie hivihivi. Jumamosi saa 3 usiku nipo chumbani VASL, Vierville, chukua Wamarekani, mimi Mjerumani.

#35 Mzee_Kete
Nitakuja kuangalia. Na nitauliza.

#36 Nusu_Bando
Nipo. VASSAL imekubali, VASL yenyewe inaniambia inataka Java mpya zaidi. Fundi_Mtwara, laptop ni ya RAM 4, Windows ya zamani. Itavuta au nitafute ya jirani?

#37 Fundi_Mtwara
Itavuta, funga kivinjari kwanza. Java chukua ya biti 64. Ukikwama nitumie picha ya kosa, PM iko wazi.

#38 Bi_Forodhani
@Nusu_Bando na kijitabu usiache kusoma. Kurasa nne za mwanzo tu, Kamanda hatajua.

#39 Kamanda_Mabibo
Nimeona hiyo.